Gemba au genba: neno moja, tahajia mbili, na maana inayopotea njiani

Ukisoma vitabu na ripoti za usimamizi wa kazi utakutana na neno gemba ukurasa huu na genba ukurasa unaofuata. Baadhi ya wasomaji huamua kwamba hizo ni dhana mbili, wakaanza kutafuta tofauti ambayo haipo. Wengine hawasumbuliwi na tahajia hata kidogo, lakini hulitumia neno kwa namna ambayo Mjapani angeshindwa kuielewa: "Ijumaa tunafanya gemba", "gemba ya mwezi huu imeahirishwa". Kosa la kwanza ni dogo na lina historia yake ya kuvutia. La pili ni kubwa, kwa sababu linaliondolea neno kazi iliyolileta. Gemba haifanywi wala haiahirishwi. Gemba ni mahali.

Tuanze na maandishi. Kijapani huliandika neno hili kwa alama mbili, 現場. Ya kwanza husomwa gen, na hubeba wazo la kitu kilichopo sasa hivi, kinachoonekana, kisicho cha kukisia. Ya pili husomwa ba, nayo ni mahali au uwanja. Zikiungana hutaja mahali penyewe ambapo jambo linatokea. Likiandikwa kwa alama za sauti, neno lina vipande vitatu: ge, n, ba. Hicho cha katikati, ん, ndicho kilichozua mkanganyiko wote. Wajapani wana alama moja tu ya sauti ya puani inayofunga silabi, lakini hawaitamki namna moja kila mahali. Ikifuatwa na t au d, husikika n. Ikifuatwa na b, p au m, midomo hufumba mapema kuipokea sauti inayokuja, na kinachotoka ni m.

Msemaji wa Kiswahili ana ushahidi wa jambo hili mdomoni mwake. Tunasema nyumba ndogo na nyumba ndefu, lakini tukifika kwenye -baya na -bovu tunasema nyumba mbaya, nyumba mbovu. Ulimi mmoja, ndimi mbili. Ubao mmoja, mbao mbili. Kiambishi ni kilekile, ila midomo imekigeuza kulingana na jirani yake. Tofauti ni kwamba sisi huandika kinachosikika, ilhali Wajapani huandika alama ileile bila kujali kinachoifuata. Kwa hiyo anayehamisha neno lao kwenda herufi za Kilatini analazimika kuchagua: anakili sauti, aandike gemba, au anakili alama, aandike genba?

Wa kwanza kuchagua kwa namna iliyoenea alikuwa James Curtis Hepburn, daktari na mmisionari Mmarekani aliyechapisha kamusi ya Kijapani na Kiingereza mwaka 1867. Mfumo wa tahajia uliotumika katika toleo la 3 la kamusi hiyo, la mwaka 1886, ndio uliokuja kuitwa kwa jina lake, nao ulinakili sauti: m mbele ya b, m na p. Mwaka 1937 serikali ya Japani ilitangaza mfumo wake rasmi, Kunrei, uliofuata mpangilio wa alama za Kijapani zaidi ya sikio la mgeni, na humo ni n kila mahali. Kisha mwaka 1954 kamusi kubwa ya Kenkyusha ikatumia Hepburn iliyorekebishwa, ambayo iliacha m na kushika n. Tangu hapo wasomi na maktaba nyingi huandika n, lakini m haikufa. Pasipoti za Japani huandika majina kwa m, na magazeti makubwa kama Asahi Shimbun na Yomiuri Shimbun yameshikilia m katika majina yao ya Kilatini mpaka leo.

Katika usimamizi wa kazi, kila mchapishaji alishika njia yake. Masaaki Imai, aliyefanya kazi kubwa kuliko karibu mtu yeyote ya kulipeleka neno hili nje ya Japani, aliandika gemba, tena kwenye jalada la kitabu chake cha mwaka 1997, Gemba Kaizen (kaizen ni uboreshaji endelevu). Kampuni ya Toyota, inapoeleza misingi yake, huandika genchi genbutsu (mahali penyewe na kitu chenyewe), kwa n. Anayesoma vyote viwili hujikuta anaandika gemba na genbutsu katika sentensi moja, ingawa sauti ya puani ya maneno yote mawili ni ileile mbele ya b ileile. Ajabu zaidi ni neno kanban, ile kadi inayoagiza sehemu za bidhaa kiwandani. Linatamkwa kamban, na kwa kanuni iliyozaa gemba lingepaswa kuandikwa kamban, lakini dunia nzima imezoea n. Hakuna mantiki ya kuitafuta hapo, kwani kila neno limebaki na tahajia ya maandishi yaliyolieneza.

Basi zote mbili ni sahihi, na zote mbili zinasomwa gemba, kwa g ya gari. Anayeandika genba asijilazimishe kutamka n na b zikiwa zimebanana, maana hata Wajapani hawafanyi hivyo. Mimi huandika gemba kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yetu hayaweki n mbele ya b, na kwa sababu neno likikaa hivyo linapokea viambishi vyetu bila taabu: gemba hii, gembani. Anayetafuta maandiko mtandaoni atafute kwa tahajia zote mbili, la sivyo atakosa sehemu kubwa ya yaliyoandikwa. Na awe mwangalifu na genbaku, neno linaloonekana kwenye jina la jengo la kumbukumbu huko Hiroshima. Hilo ni bomu la atomiki. Gen yake huandikwa kwa alama nyingine kabisa, na haihusiani na gemba kwa lolote. Herufi za Kilatini zimeficha tofauti ambayo Mjapani huiona kwa jicho.

Tukihamia kwenye asili, neno lenyewe ni mchanganyiko. Alama zake zilitoka China, na zipo pia katika Kichina, ambako husomwa xianchang, na katika Kikorea, ambako husomwa hyeonjang, kwa maana ileile ya mahali pa tukio. Katika Kijapani gen ni matamshi yaliyokopwa kutoka Kichina, ilhali ba ni neno la Kijapani chenyewe. Si neno la wasomi. Polisi huliita gemba eneo ambako uhalifu umetendeka. Mafundi wa ujenzi huita hivyo pale wanapojenga, kama mafundi wetu wanavyosema saiti. Mtangazaji wa habari anayeripoti akiwa kwenye tukio anaripoti kutoka gembani. Vitabu vya usimamizi hupenda kulivika neno hili joho la hekima ya kale, na nadhani hilo linalidhulumu. Nguvu yake inatokana na ukawaida wake.

Ndani ya makampuni ya Japani lina kivuli kimoja zaidi ambacho tafsiri nyingi hukiacha. Gemba husemwa kwa kupingana na makao makuu. Ni pale kazi inapofanyika, na ni watu wanaoifanya pia: Wajapani husema "sauti ya gemba" wakimaanisha maoni ya wafanyakazi walio kwenye mitambo, kaunta au barabarani, tofauti na maoni ya wanaopanga wakiwa ofisini. Anayelitamka neno katika kikao anakumbusha, hata bila kukusudia, kwamba waliomo kikaoni hawapo mahali pa tukio.

Ndiyo maana neno lilipata uzito kwenye viwanda vya Toyota. Mizizi yake huko ni ya zamani kuliko magari. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ukikatika. Mtambo usio na uwezo huo uliendelea kufuma kitambaa kibovu mpaka mtu agundue, na alipogundua hakukuwa na njia ya kujua kilichotokea dakika ile. Mtambo unaojisimamisha huacha kosa likiwa bado bichi, mahali pake, likisubiri kuangaliwa. Kampuni ya Uingereza, Platt Brothers, ilinunua haki za uvumbuzi huo mwaka 1929, na mwaka 1937 mwana wa Sakichi, Kiichiro, akaanzisha kampuni ya magari.

Aliyeyageuza haya kuwa nidhamu ya kazi ni Taiichi Ohno. Alijiunga na kiwanda cha ufumaji cha Toyoda mwaka 1932, akahamia upande wa magari mwaka 1943. Waliofunzwa naye wamesimulia mara nyingi jinsi alivyokuwa akichora duara kwa chaki kwenye sakafu ya kiwanda, akamwambia meneja au mhandisi asimame ndani yake na kuangalia. Baada ya saa kadhaa alirudi na kumwuliza ameona nini. Jibu jepesi halikumtosha. Alimwacha aendelee kusimama. Alichokuwa akikifundisha ni kwamba kuona ni kazi, na kwamba dakika za mwanzo mtu huona yale aliyokuja nayo kichwani.

Katika kitabu chake kuhusu mfumo wa uzalishaji wa Toyota, kilichotoka Japani mwaka 1978, Ohno alitoa mfano wa kuuliza "kwa nini" mara 5. Mashine imesimama. Kwa nini? Mzigo ulizidi, fyuzi ikaungua. Kwa nini mzigo ulizidi? Beringi haikupata mafuta ya kutosha. Kwa nini? Pampu ya mafuta haivuti inavyotakiwa. Kwa nini? Shafti ya pampu imelika na inalegalega. Kwa nini imelika? Haikuwekwa chujio, vipande vya chuma vikaingia ndani.

Mfano huu hunukuliwa kama somo la maswali, na ni kweli, lakini angalia kila jibu linapatikana wapi. Kwamba fyuzi imeungua, hilo linaweza kufika ofisini kwenye fomu: fyuzi imebadilishwa, kazi imeendelea. Fomu iko sahihi, na kesho fyuzi itaungua tena. Jibu la beringi linahitaji mtu aliyeigusa. Jibu la vipande vya chuma linahitaji mtu aliyefungua pampu na kuchungulia. Maswali hayo hayawezi kuulizwa mezani, kwa sababu kuanzia swali la 2 anayejibu akiwa mezani anakisia, na kisio juu ya kisio hutoa maelezo mazuri yasiyogusa tatizo. Ohno mwenyewe aliandika kwamba takwimu zina umuhimu wake, lakini yeye huupa uhalisia wenyewe uzito zaidi. Takwimu zinakwambia mashine imesimama mara ngapi. Chujio ambalo halipo haliandikwi kwenye takwimu yoyote.

Gemba lina ndugu zake wanaotembea pamoja. Genbutsu ni kitu chenyewe: ile pampu, ile beringi, kile kitambaa kilichochanika. Genjitsu ni hali halisi. Matatu haya huitwa kwa pamoja kanuni ya gen tatu, nayo hutajwa sana katika kampuni ya Honda. Toyota husema genchi genbutsu, mahali penyewe na kitu chenyewe, na mwaka 2001, ilipoandika rasmi misingi yake kwa ajili ya wafanyakazi wa duniani kote, iliiweka miongoni mwa dhana zake kuu 5. Katika maandiko hayahaya utakutana pia na neno muda, ambalo kwa Kijapani ni upotevu: kazi isiyomwongezea mteja chochote. Msomaji wa Kiswahili akikuta sentensi ya "kuondoa muda gembani" asidhani wanazungumzia saa.

Nje ya Japani neno lilisafiri taratibu. Imai alichapisha kitabu chake cha kaizen mwaka 1986, na kile cha mwaka 1997 kikaweka kanuni ambazo bado zinafundishwa: tatizo likitokea, nenda kwanza gembani, kagua kitu chenyewe, chukua hatua ya muda papo hapo, tafuta chanzo, kisha weka utaratibu ili lisirudie. James Womack, Mmarekani aliyeandika pamoja na wenzake utafiti mashuhuri wa viwanda vya magari uliotoka mwaka 1990, alieneza desturi ya kutembea gembani, na mwaka 2011 akatoa mkusanyo wa maandishi yake yaliyotokana na matembezi hayo. Hapo ndipo jina la mahali lilipoanza kuwa jina la matembezi, na matembezi yakaanza kuingia kwenye ratiba.

Sina ugomvi na matembezi. Ninachokipinga ni matembezi yaliyobaki na jina la gemba huku gemba yenyewe imeondoka. Meneja akitangaza siku 3 kabla kwamba atapita, sakafu itasuguliwa, mashine korofi itazimwa kwa kisingizio cha matengenezo, mfanyakazi mkweli atapangiwa zamu nyingine. Atakapofika atakuwa amesimama kwenye jengo lilelile, lakini mahali ambapo tukio hutokea pamefichwa. Vivyo hivyo kwa anayepita na orodha ya kuweka alama za vema: huo ni ukaguzi, nao una umuhimu wake, ila mkaguzi huangalia kama kanuni imefuatwa, wakati aliyekwenda gembani anataka kujua kazi inaendaje hasa, hata pale ambapo kanuni ndiyo yenye kasoro.

Wapo pia wanaoichanganya na desturi ya meneja kuzungukazunguka na kuongea na watu, iliyosifiwa sana kwa jina la kampuni ya Hewlett-Packard na kuenezwa na kitabu cha Tom Peters na Robert Waterman cha mwaka 1982. Desturi hiyo hujenga ukaribu, na ukaribu ni jambo jema. Lakini hailazimishi kufuatilia kitu kimoja mpaka mwisho. Anayekwenda gembani huchagua jambo: agizo la mteja linavyopita kutoka mkono hadi mkono, au kwa nini kituo fulani hulundikiwa kazi kila alasiri. Hufuata jambo hilo hatua kwa hatua, akiuliza wanaolifanya. Fujio Cho, aliyekuwa rais wa Toyota kuanzia 1999 hadi 2005, anahusishwa na maelekezo matatu mafupi: nenda ukaone, uliza kwa nini, onyesha heshima.

Hilo la tatu hurukwa, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama mawili ya kwanza yatazaa chochote. Mfanyakazi anayejua kwamba alichokionyesha leo kitakuwa karipio kesho hatakionyesha. Heshima hapa ni vitendo: kumweleza kabla ya kuanza kwamba kinachoangaliwa ni kazi, wala si yeye, kumwacha amalize sentensi, kutotoa amri ya papo hapo inayovuruga kazi yake kisha ukaondoka, na kurudi kumwambia kilichofanyika kuhusu alichokisema. Wengi huweza hayo yote isipokuwa la mwisho, na ziara ya pili hukuta watu wamenyamaza.

Swali ambalo wasomaji huniletea mara nyingi zaidi ni la wasio na kiwanda: gemba yetu ni ipi? Jibu hubadilika kulingana na unachotaka kujua. Yuji Yokoya, mhandisi mkuu wa gari la familia la Toyota Sienna la mwaka 2004, alitaka kujua gari hilo linatumikaje Amerika Kaskazini. Gemba yake haikuwa kiwanda wala chumba cha wachoraji. Aliendesha zaidi ya maili 53,000, yapata kilomita 85,000, katika majimbo yote ya Marekani, Kanada na Mexico. Njiani akakutana na upepo wa ubavuni unaosukuma gari juu ya madaraja, na mitaa myembamba inayodai gari likate kona kwa ufupi. Mambo hayo yaliingia kwenye usanifu. Lau angetaka kujua kwa nini rangi ya mlango inabanduka, gemba ingekuwa karakana ya rangi, na maili zote hizo zisingemsaidia.

Hospitalini, kama swali ni kwa nini dawa huchelewa, gemba ni njia yote kutoka kalamu ya daktari hadi mkono wa muuguzi kando ya kitanda. Viongozi wa hospitali ya Virginia Mason ya Seattle walikwenda Japani mwaka 2002 kujifunza namna hii ya kufanya kazi, na mwaka huohuo wakaanzisha utaratibu unaomruhusu mfanyakazi yeyote kusimamisha shughuli inayoweza kumdhuru mgonjwa na kuita msaada papo hapo. Ni wazo lilelile la mtambo wa Sakichi Toyoda: kosa lisimame mahali lilipotokea, lionekane likiwa bichi.

Kazi ya kompyuta ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu mahali pake hapaonekani. Mtu wa huduma kwa wateja anafungua madirisha manne, ananakili namba kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, na ana karatasi pembeni yenye misimbo aliyoiandika kwa mkono kwa kuwa programu haiitunzi. Kumbukumbu za mfumo zitaonyesha kwamba kila ombi lilichukua dakika 9. Hazitaonyesha karatasi. Kuiona kunahitaji mtu aketi kando yake kwa kitambo, kimya, akiangalia mikono na kioo. Wakifanya kazi wakiwa mbali, kioo kinaweza kushirikishwa kwa intaneti, na hilo husaidia kiasi, ila kinachoshirikishwa ni kioo tu. Karatasi imebaki mezani, na mgeni wa mbali atajua ipo pale tu mwenyewe atakapoamua kuitaja.

Ndiyo sababu kamera kiwandani na picha za moja kwa moja ofisini, pamoja na manufaa yake, bado hazijaipeleka gemba kwenye meza ya meneja. Kamera huangalia ilikoelekezwa, na aliyeielekeza alikuwa ameshaamua tatizo liko wapi. Haisikii beringi ikianza kulia, wala haiwezi kumwuliza fundi kwa nini amelitia kitambaa tundu ambalo mchoro unasema liachwe wazi.